Mto Utiririkao Pande Mbili: Uhakiki wa Majumba na Sanamu za Bonde la Hudson

I

Mhakiki wa maandishi ana maswali ambayo hawezi kuyaacha nyumbani hata aendapo matembezini. Mbele ya utenzi au hadithi huuliza: Nani asema? Amwambia nani? Na nani amenyamazishwa ili sauti ya msemaji ipate kusikika? Katika kurasa hizi nakusudia kuyapeleka maswali hayo mbele ya kazi zisizo na herufi, nazo ni majumba ya kale, alama za mahali, na sanamu zilizosimamishwa nje katika bonde la mto Hudson, jimbo la New York, huko Marekani. Huenda msomaji akastaajabu kumwona mwalimu wa Kiswahili akiziacha beti na kushika matofali. Jawabu langu ni kwamba nyumba, kama shairi, ina mtungaji, ina mpango, ina mambo iliyoyataja na mambo iliyoyaficha. Na mtu aliyezoea kusoma beti hawezi kukosa neno la kusema juu ya ukuta. Juu ya hayo, bonde hili, ingawa li mbali na pwani yetu, lina nyuzi kadhaa zinazolifunga na Bahari ya Hindi. Nyuzi hizo hazionekani kwa mtazamo wa mara moja, lakini zipo, na mmoja miongoni mwao ulisokotwa kwa machozi.

Yafaa kuanza na mto wenyewe. Hudson una urefu wa kilomita 507 hivi. Waanza katika milima ya Adirondack na kuteremka kusini mpaka mji wa New York, ambako hukutana na bahari. Walakini nusu yake ya chini si mto mtupu. Ni mkono wa bahari ulioingia bara. Maji hujaa na kupwa mpaka karibu na mji wa Troy, mwendo wa kilomita 240 hivi kutoka mlangoni. Kwa sababu hiyo wenyeji wa asili, Wamohikani, waliuita Mahicantuck, yaani maji yasiyotulia, na jina hilo hufasiriwa pia kuwa mto utiririkao pande mbili. Mtu aliyekulia karibu na mlango wa Pangani au wa Rufiji hahitaji mkalimani hapa. Ajua kuwa mto ukutanapo na bahari hupata tabia mbili. Jina hilo nimelichukua kuwa kipimo cha uhakiki huu. Nitaihesabu kuwa bora ile kazi inayomruhusu mtazamaji kwenda na kurudi: kutoka kwa bwana hadi kwa mtumwa, kutoka sebuleni hadi jikoni, kutoka uzuri wa umbo hadi gharama ya umbo hilo. Kazi itiririkayo upande mmoja tu, hata ikiwa nzuri namna gani, itakuwa imeukana mto iliojengwa kando yake.

Wamohikani na ndugu zao Wamunsee hawana tena makao yao bondeni. Waliondolewa hatua kwa hatua, na kizazi chao leo kina ardhi yake katika jimbo la Wisconsin, mbali sana upande wa magharibi. Majina yao yamesalia katika ramani: Poughkeepsie, Esopus, Pocantico. Lakini nyumba zao hazimo katika hesabu ya majumba ya kale ya bonde hili. Basi kabla hatujabisha hodi mlango wa kwanza, tukumbuke kuwa orodha tuliyoishika mkononi ni kitabu ambacho ukurasa wake wa kwanza umechanwa.

II

Desturi ya kuhifadhi nyumba kwa ajili ya historia ilianza katika bonde hilihili. Mwaka 1850 jimbo la New York liliitwaa nyumba ya mawe iliyokuwa mali ya ukoo wa Hasbrouck, katika mji wa Newburgh, ikawa nyumba ya kwanza nchini Marekani kuhifadhiwa na serikali kuwa mahali pa historia. Sababu ilikuwa kwamba George Washington alifanya makao yake makuu humo tangu Aprili 1782 hata Agosti 1783, vita vya uhuru vilipokuwa vikielekea ukingoni. Mwanzo huu wafundisha mengi. Nyumba haikuhifadhiwa kwa ajili ya walioijenga, wala kwa ajili ya waliopika na kufagia ndani yake miaka mingi. Ilihifadhiwa kwa ajili ya mgeni aliyekaa miezi kumi na sita na siku kadhaa. Tangu hapo kanuni ikafuatwa kwamba ukuta hupata heshima kwa jina la mtu mkubwa aliyeuegemea.

Kanuni hiyo ina matunda mema na matunda makavu. Katika Hyde Park ipo Springwood, nyumba alimozaliwa Rais Franklin D. Roosevelt mwaka 1882, na kaburi lake limo bustanini. Hapo nyumba na mtu vimeshikana hata haiwezekani kueleza kimoja bila kingine. Si mbali na hapo lasimama jumba la Frederick Vanderbilt, lenye vyumba 54, lililomalizika mwaka 1899. Hili ni mfano wa utunzi wa maneno mengi na maana chache. Kila dari lasema neno lilelile ambalo dari la chumba kilichopita limekwisha kulisema, na neno hilo ni fedha. Mhakiki hana sababu ya kukaa hapo sana.

Nyumba inayostahili kusomwa ubeti kwa ubeti ni Olana, juu ya kilima karibu na mji wa Hudson. Mwenyewe alikuwa mchoraji Frederic Edwin Church, aliyezaliwa mwaka 1826 na kufa mwaka 1900. Katika ujana wake alifundishwa na Thomas Cole, Mwingereza aliyehamia Marekani, ambaye nyumba yake ingali ipo ng'ambo ya mto katika mji wa Catskill. Mwalimu na mwanafunzi hawa walikuwa miongoni mwa wale walioifanya mandhari ya bonde kuwa somo kubwa la uchoraji wa Kimarekani. Kati ya mwaka 1867 na 1869 Church alisafiri na jamaa yake katika nchi za Mashariki: Beirut, Jerusalem, Damascus, yeye mwenyewe akafika hata Petra. Aliporudi alijenga nyumba kwa kushauriana na msanifu Calvert Vaux, kazi kubwa ikifanyika kati ya mwaka 1870 na 1872. Matao yake, matofali yake ya rangi, na nakshi za kutani alizozibuni mwenyewe vimeigwa kutoka Mashariki. Hata jina Olana linadhaniwa kuwa limetokana na ngome ya hazina ya zamani iliyotajwa na Strabo, Myunani aliyeandika habari za nchi.

Sasa msomaji wangu na asimame pamoja nami penye mlango mkuu. Juu yake limeandikwa neno moja kwa Kiarabu: marhaba. Mtu asomaye Kiswahili hawezi kupita chini ya neno hilo bila kutabasamu, kwa kuwa hulisikia kila siku katika vinywa vya wazee. Lakini tazama jinsi neno moja lilivyosafiri njia mbili na kupewa kazi mbili. Kwa Mwarabu ni neno la kumpokea mgeni. Lilipofika pwani yetu tulikuwa na karibu kwa kazi hiyo, basi tukaliongeza silabi na kulipa cheo kingine: kijana husema shikamoo, na mzee hujibu marahaba, akikubali heshima na kuirudisha kwa baraka. Lilipofika kilimani kwa Church likawa nakshi. Kwetu neno limekuwa wajibu kati ya watu wawili. Kwake limekuwa pambo juu ya mlango, katika bonde ambalo wageni wengi walipita chini yake pasipo kulisoma.

Je, hili ni kosa? Nisingependa kutoa hukumu ya haraka. Wako wasemao kuwa Church aliazima vina vya watu wa Mashariki bila kuazima maana yao, na katika nakshi za kuta hoja hiyo ina nguvu. Walakini neno la mlangoni lina maana kamili, na maana hiyo inalingana na kazi ya mlango. Zaidi ya hayo Olana haijifungii ndani ya pambo lake. Madirisha yake yamepangwa mfano wa fremu za picha, na ndani ya kila fremu umewekwa mto, au mlima, au ziwa alilolichimbisha mwenyewe. Nyumba yamtoa mtu nje. Upungufu wake ni kwamba katika utamu huo wote wa macho hamna mtu: mandhari yamesafishwa, mto umekuwa wa kutazamwa, na aliyevua samaki ndani yake hayumo pichani. Ni shairi zuri la mapenzi ya nchi ambalo limewasahau wananchi. Hata hivyo twapaswa kushukuru kuwa lipo. Alipokufa mke wa mwana wa Church mwaka 1964 nyumba na vilivyomo vilikaribia kupigwa mnada. Mtaalamu wa historia ya sanaa, David C. Huntington, aliongoza juhudi za kuiokoa, na mwaka 1966 jimbo likainunua.

III

Tuteremke kusini, mpaka mahali kijito cha Pocantico kinapoingia katika Hudson. Hapa ni Sleepy Hollow, mahali palipopata sifa kwa hadithi ya Washington Irving iliyotolewa mwaka 1820, ambayo ndani yake yumo mpanda farasi asiye na kichwa. Nguvu ya hadithi hiyo ilikuwa kubwa hata mji uliokuwa ukiitwa North Tarrytown ukabadili jina lake mwaka 1996 na kujiita Sleepy Hollow. Mwanafunzi wa fasihi atafurahi kuona mji mzima umesalimu amri mbele ya hadithi moja. Lakini furaha hiyo ina uchungu wake, maana hatua chache kutoka katika kanisa la kale la Waholanzi lililotajwa na Irving, pana kinu cha maji na nyumba nyeupe ya mawe ambamo waliishi watu wenye vichwa na majina, na dunia haikuwajua.

Nyumba hiyo ni Philipsburg Manor. Frederick Philipse alizaliwa mwaka 1626 huko Friesland, akafika Amerika akiwa seremala, akafa mwaka 1702 akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa koloni. Mwaka 1693 alipewa hati ya kifalme juu ya milki yake, ambayo eneo lake lilikadiriwa kuwa ekari 52,000. Utajiri wake ulitoka katika nafaka, katika biashara ya bahari, na katika watumwa. Na hapa ndipo uzi ule wa machozi uonekanapo. Katika miaka ya 1690 meli zake zilizunguka Afrika na kufika Madagaska, zikanunua watu na kuwapeleka ng'ambo ya Atlantiki. Basi yule adhaniye kuwa Bahari ya Hindi haikupata kugusa mto Hudson na aifikirie safari hiyo: mtu aliyezaliwa akitazama jua likitoka baharini alikufa katika nchi ya theluji, akisaga ngano isiyo yake.

Mwanawe Philipse, Adolph, alipofariki mwaka 1750, iliandikwa orodha ya mali yake. Ndani ya orodha hiyo, pamoja na ng'ombe, samani na vyombo, waliandikwa watu 23, wanaume, wanawake na watoto. Mmoja wao ni Caesar, aliyekuwa msagaji kinuni. Mwingine ni Diamond, aliyekuwa mwana maji wa chombo kilichobeba unga kwenda New York. Nimesoma maandishi mengi maishani mwangu, na sijui kama yako mengine yenye ukatili wa kimya kuliko orodha ya mali. Haitukani wala haigombi. Yapanga tu. Mhakiki wa mtindo atasema kuwa ina sifa ambazo sisi huwasifia waandishi: ufupi, usahihi, na kutotia chumvi. Ni lazima tujifunze kuwa sifa za mtindo peke yake haziwezi kuiokoa maana.

Nyumba hii ilitengenezwa upya kwa fedha za John D. Rockefeller mdogo kuanzia miaka ya 1940, na kwa muda mrefu ilielezwa kwa wageni kuwa ni mfano wa biashara na ufundi wa Waholanzi wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wenye kuitunza walibadili msimulizi. Hawakubomoa ukuta wala kuongeza chumba. Walianza tu kueleza mahali hapo kwa kuwatanguliza wale watu 23. Kinu kilekile kilichokuwa kikieleza werevu wa Philipse kikaanza kueleza ustadi wa Caesar. Wanafunzi wangu, mkitaka kuelewa msimulizi ni nini katika hadithi, msitafute mfano mwingine. Mawe hayakubadilika, wala mto haukubadilika, lakini hadithi ilibadilika yote kwa sababu aliyeisimulia alihama sebuleni akaenda kinuni. Kwa kipimo changu cha pande mbili, nyumba hii ya kijijini, isiyo na dari za dhahabu, ndiyo bora kuliko zote bondeni.

IV

Katika bonde dogo la Wallkill, ambalo maji yake huishia Hudson, kuna mtaa wa nyumba za mawe za mwanzo wa karne ya 18 katika mji wa New Paltz. Zilijengwa na Wahugenoti, yaani Waprotestanti waliokimbia mateso ya dini huko Ufaransa. Ni nyumba imara, zenye paa la mteremko mkali na kuta nene, na mtu akizitazama huwahurumia wajenzi wake, maana zinasema: tumeteswa, tumefika, tumejificha salama. Lakini wakimbizi hao hao walimiliki watumwa, na watumwa walilala katika vyumba vya chini ya nyumba au jikoni. Mtu aliyekimbia mnyororo alifunga mwenzake mnyororo. Nyumba haiwezi kuukwepa ushahidi huo, kwa kuwa sakafu ya mmoja ilikuwa dari ya mwingine. Mwaka 2019 chuo kikuu cha mji huo kiliamua kuyaondoa majina ya koo za waasisi katika majengo sita ya wanafunzi, kwa sababu koo hizo zilimiliki watumwa. Wako waliosema kwamba huko ni kuifuta historia. Nionavyo mimi, jina juu ya bweni ni heshima, na historia yenyewe imehifadhiwa katika zile nyumba za mawe, ambazo zingali zimesimama na kusema yote mawili.

Katika wilaya hiyohiyo ya Ulster alizaliwa, yapata mwaka 1797, msichana aitwaye Isabella, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi aliuzwa kwa dola 100 pamoja na kundi la kondoo. Mwishoni mwa mwaka 1826, miezi michache kabla ya sheria ya New York kuukomesha utumwa tarehe 4 Julai 1827, aliondoka kwa bwana wake kwa miguu akiwa na mtoto mchanga. Baadaye alipata khabari kwamba mwanawe Peter ameuzwa Alabama kinyume cha sheria. Akaenda mahakamani mjini Kingston, na mwaka 1828 akarudishiwa mtoto wake. Hati za shauri hilo zilitambuliwa upya katika nyaraka za jimbo mwaka 2022. Mwaka 1843 alijipa jina Sojourner Truth, na kwa jina hilo akawa mhubiri na mtetezi wa haki anayejulikana duniani kote.

Bonde limemsimamishia sanamu mbili ambazo zafaa kulinganishwa. Ya kwanza iko Port Ewen, kazi ya Trina Greene, iliyozinduliwa mwaka 2013. Yamwonyesha akiwa mtoto, amebeba magudulia, na mgongoni ana alama za kipigo. Ya pili ni kazi ya Vinnie Bagwell, iliyozinduliwa mwaka 2020 upande wa magharibi wa daraja la zamani la reli la Poughkeepsie. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1889, likaungua mwaka 1974, na tangu 2009 limekuwa njia ya watu waendao kwa miguu juu ya mto, mwendo wa kilomita mbili. Sanamu hii ya pili ni ya mama mtu mzima, na mikunjo ya sketi yake imechorwa mambo ya maisha yake, hata nguo imekuwa ukurasa.

Zote mbili ni kazi za heshima, lakini fadhila zao ni mbalimbali. Sanamu ya darajani yatupa mtu aliyekwisha kushinda. Twamtazama kwa kumwinulia macho, na ushindi wake watupa raha. Ile ya Port Ewen hutunyima raha hiyo. Mtoto yule hajui bado kuwa atakuwa mashuhuri. Ajua tu kwamba magudulia ni mazito na njia ni ndefu. Mtazamaji huijua kesho yake, yeye haijui, na katika pengo hilo la maarifa ndimo ilimo nguvu yote ya sanaa hii. Tena msanii amefanya jambo lisilo la kawaida katika desturi iliyoanzia Newburgh: amempa heshima ya shaba mtoto wakati wa utumwa wake, si baada ya ukubwa wake. Amevunja kanuni ya kwamba ukuta hupata heshima kwa kuegemewa na mtu mkubwa. Kama ningelazimika kuchagua sanamu moja tu ya bonde hili, ningechagua mtoto huyu.

V

Kuna alama nyingine ambayo haikukusudiwa kuwa alama. Juu ya kisiwa cha Pollepel yapo magofu mfano wa ngome ya Kizungu ya zamani. Hayo ni mabaki ya ghala la Francis Bannerman, mfanya biashara wa silaha, aliyenunua kisiwa hicho mwaka 1900 ili aweke shehena zake, nyingi zikiwa zimebaki kutoka vita vya Marekani na Hispania. Baruti ililipuka mwaka 1920, na moto ukateketeza majengo mwaka 1969. Wapiga picha huyapenda magofu hayo kwa sababu yanafanana na hadithi za mashujaa. Lakini asili ya ngome hiyo ni duka. Ni onyo kwa sisi tupendao magofu: kuvunjika hukipa kitu haya ambayo hakikuwa nayo kilipokuwa kizima.

Ng'ambo, upande wa magharibi, lipo bustani kubwa la sanamu liitwalo Storm King, lililofunguliwa mwaka 1960 na Ralph E. Ogden na H. Peter Stern. Mwanzoni lilikusudiwa kuonyesha michoro ya wachoraji wa Hudson, wale wa kizazi cha Cole na Church. Mwaka 1967 vilinunuliwa vipande 13 vya sanamu za David Smith, na tangu hapo shabaha ikawa ni sanamu za nje. Leo, katika ekari 500 hivi za malisho na misitu, zimesimama kazi kubwa za chuma na mawe. Tao la Alexander Calder, la mwaka 1975, lina urefu wa mita 17 kwenda juu, jeusi kama kivuli kilichokataa kulala chini.

Hatari ya bustani la namna hii ni kwamba umbo tupu huweza kumlevya mtu. Akizungukwa na majani mabichi na chuma kilichopakwa rangi safi, husahau kuuliza maswali yale matatu. Kazi zinazoshinda hatari hiyo ni zile zinazoijua ardhi zilipokaa. Ukuta wa Andy Goldsworthy, uliojengwa mwaka 1997 na 1998, ni wa mawe ya mahali palepale yaliyopangwa bila chokaa. Waanzia penye mabaki ya ukuta wa shamba la zamani, wanyongoroka kati ya miti kana kwamba waiomba radhi, waingia ndani ya kidimbwi na kutokea ng'ambo ya pili, ukaendelea mpaka karibu na barabara kuu. Urefu wake wote ni mita 694 hivi. Ukuta kwa desturi hutenga. Huu waambatana na kila kitu ukutanacho nacho. Vilevile Maya Lin alitengeneza, mwaka 2007 na 2008, safu saba za mawimbi ya udongo na majani pale palipokuwa shimo la changarawe, changarawe iliyochimbwa kwa ujenzi wa barabara kuu ya jimbo. Jeraha la nchi limegeuzwa bahari. Hajalifukia kwa kulificha, amelipa mwendo.

Na katika mwaka 2022 walikuja wageni kutoka kwetu. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alionyesha sanamu zake za shaba huko Storm King, na moja miongoni mwao ilikuwa na jina la Kiswahili, Nyoka. Kubwa katika maonyesho hayo ilikuwa ile iliyoonyesha viumbe wawili ndani ya mtumbwi, maji yakiwa humo mtumbwini, ngozi yao ikiwa majani, na viungo vyao vimeteremka mfano wa mizizi ya mikoko. Mtu wa pwani ajua mkoko ni mti wa namna gani: wasimama pale maji chumvi na maji baridi yanapokutana, si wa bara wala si wa bahari, na mbegu yake huelea mpaka ipate tope la kushika. Bondeni Hudson haumei, kwa kuwa baridi ni kali. Lakini sanaa iliupeleka huko, mahali ambapo miaka mia tatu na zaidi iliyopita watu wa Bahari ya Hindi walipelekwa bila hiari. Sidai kuwa msanii aliwakusudia watu wa Philipse. Nasema kwamba kazi njema ikiwekwa mahali penye kumbukumbu huamsha zaidi ya alichokikusudia mtungaji. Na mtumbwi ule, katika bonde lile, haukuweza kuwa mtumbwi mtupu. Maonyesho yalikwisha mwaka uleule, nao ukaondoka. Labda hiyo pia ni sehemu ya maana yake.

VI

Nimeanza na mto, na niishie kwao. Mhakiki atakayedhani kuwa haya ni mambo ya Wamarekani peke yao atakuwa amesafiri bure. Mkunazini, Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa mahali pake. Kwa miaka zaidi ya mia kanisa lilisema kwa niaba ya mahali hapo. Mwaka 1998 Clara Sörnäs alisimamisha nje yake, ndani ya shimo, sanamu za watu waliofungwa minyororo; na tangu siku hiyo mgeni hawezi kulitazama kanisa asitazame na shimo. Mahali palipata upande wake wa pili. Lakini yako majumba mengi ya kwetu yenye milango ya nakshi ambayo tumeisifu karne nzima, tukataja mti wake, na misumari yake, na ufundi wa seremala, tusiulize ni nani aliyeubeba ule mti begani kutoka bara.

Siwaambii wanafunzi wangu waache kusifu. Nakshi ni nzuri, na uzuri si uongo. Nawaambia tu kwamba sifa isiyojua gharama ya kitu ni sifa ya mtoto, na lawama isiyouona uzuri wake ni lawama ya kipofu. Olana ina neno jema juu ya mlango, nasi twalijua neno hilo kwa namna ambayo mwenye nyumba hakuijua. Kwetu marahaba haianzi yenyewe. Ni jawabu, na lazima pawepo mtu aliyetangulia kuamkia. Waliosaga, waliobeba magudulia, waliovuka bahari mbili wakiwa shehena, hawakuamkiwa na mtu. Kazi ya mhakiki wa nyumba na sanamu, kama ile ya mhakiki wa beti, ni kuitoa shikamoo hiyo iliyochelewa, kisha kusimama kimya mlangoni na kusikiliza kama yuko anayeitika.